Picha za jamii za asili zinafika hadi ofisi ya ardhi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, iliyopambwa kwa picha kubwa ya kijana aliyevaa ngozi akivuta upinde, na chini yake maelezo mafupi kwamba hawa ni watu wanaoishi kama alivyoishi binadamu wa kwanza. Sina ugomvi na mwandishi wenu, ambaye kwa sehemu kubwa ameandika kwa heshima, wala sidai kwamba Wahadzabe hawawindi, maana wapo wanaowinda hadi leo na wanajivunia ujuzi huo. Ninalotaka kulijadili ni jambo ambalo wanafunzi wangu wa somo la filamu hulidharau wanapoanza masomo, nalo ni kwamba picha ya namna hiyo haimalizikii gazetini. Huendelea hadi kwenye mabango ya utalii, kwenye maombi ya fedha za utafiti, kwenye mipango ya hifadhi, na mwishowe kwenye meza ya ofisa ardhi, ambako mtu aliye hai hupimwa kama bado anafanana nayo.

Taaluma ya kuchunguza jinsi jamii za asili zinavyoonyeshwa katika filamu na vyombo vya habari ina miongo mingi katika vyuo vikuu vya Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, na sehemu kubwa ya maandishi yake ya awali ilishughulika na matusi: nani alichorwa kuwa mshenzi, nani alipewa nafasi ya mwenyeji wa asili wa Marekani ilhali ni Mzungu aliyepakwa rangi, na kwa nini mhusika wa namna hiyo alikuwa anakufa mapema ili shujaa mwingine apate kusonga mbele. Kazi hiyo ilihitajika na bado inahitajika. Hata hivyo, tusi ndilo sehemu rahisi ya somo hili, kwa sababu mtu yeyote akishaonyeshwa hulitambua. Sehemu ngumu ni ile picha nzuri, yenye mwanga wa jioni na sauti ya upole ya msimulizi, inayomsifu mtu kwa kutobadilika. Sifa hiyo imewagharimu watu ardhi, na mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu unatoka katika bara letu, huko Kalahari.

Wasomaji wengi wa rika langu waliiona filamu iitwayo The Gods Must Be Crazy, kama si kwenye televisheni basi kwenye mabanda ya video, na tulicheka sana. Ni filamu ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini. Chupa tupu ya Coca-Cola inadondoshwa kutoka kwenye ndege na kuwaangukia watu wa jamii ya Wasan, wenyeji wa asili wa Kalahari, ambao, kwa maelezo ya msimulizi, hawajui kama kuna dunia nyingine, hawana mtawala, hawana sheria wala uhalifu. Chupa ile inaleta wivu na ugomvi kati yao, na mwanamume mmoja aitwaye Xi anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Msimulizi anayaeleza maisha yao kwa sauti ileile tuliyoizoea katika filamu za wanyamapori, hivyo mtazamaji asiyejua chochote anaondoka akiamini kwamba, mbali na kuchekeshwa, ameelimishwa pia. Kwa kuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imewekewa vikwazo, filamu hiyo ilipelekwa nje ikijulikana kama filamu ya Botswana, na ilipofika Marekani katikati ya miaka ya 1980 ikawa miongoni mwa filamu za kigeni zilizoingiza fedha nyingi zaidi nchini humo hadi wakati huo.

Aliyeigiza nafasi ya Xi aliitwa N!xau. Alikuwa Mju/'hoan, mmoja wa watu wa jamii ya Ju/'hoansi walio sehemu ya Wasan, na aliishi Tsumkwe, kaskazini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Namibia na wakati huo ilitawaliwa na Afrika Kusini. Hakuwa mtu aliyeshushiwa dunia kutoka angani. Alikuwa akifanya kazi ya upishi shuleni. Alipofariki mwaka 2003 magazeti yaliandika kwamba kwa filamu ya kwanza alilipwa dola mia chache tu, na kwamba ilipofika zamu ya filamu ya pili alidai malipo makubwa zaidi na akayapata, jambo ambalo Xi wa kwenye hadithi asingelielewa hata kidogo.

Na Tsumkwe yenyewe ilikuwaje? Baada ya ripoti ya Tume ya Odendaal ya mwaka 1964, utawala wa Afrika Kusini uliigawa Namibia katika maeneo ya kikabila, na kipande kilichopewa jina la Bushmanland kikawaacha Waju/'hoansi bila sehemu kubwa ya ardhi yao ya Nyae Nyae. Mamia ya watu walirundikana Tsumkwe, katika makazi ya serikali, ambako hapakuwa tena na wanyama wa kutosha kuwindwa wala mimea ya kutosha kukusanywa. Waliishi kwa mgawo wa unga wa mahindi na vibarua vichache, huku pombe na kifua kikuu vikiwamaliza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 jeshi la Afrika Kusini lilianza kuandikisha vijana wao kupigana dhidi ya SWAPO, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Namibia, na mshahara wa askari ukawa ndio fedha kubwa kuliko zote zilizoingia pale. Mpiga filamu wa Kimarekani John Marshall, aliyeifahamu jamii hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitoa mwaka huohuo wa 1980 filamu kuhusu maisha ya mwanamke mmoja wa Tsumkwe aitwaye N!ai, na ndani yake mna ugomvi wa fedha, ugonjwa, na vijana wanaoondoka na jeshi. Mna pia sehemu fupi ambayo kila muhula huwarudisha nyuma wanafunzi wangu waitazame mara ya pili: waigizaji wa Kiju/'hoansi wako kazini katika filamu ile ya vichekesho, mwongozaji anawaelekeza namna ya kuigiza maisha ambayo wakati huo hawakuwa tena na uwezo wa kuyaishi. Filamu zote mbili zilitoka mwaka mmoja na zilipigwa kwa watu walewale, lakini dunia nzima iliiona moja, na nyingine imebaki kwa walimu na wanafunzi.

Mambo yangeishia hapo, tungekuwa na somo la kawaida kuhusu uongo wa sinema. Hayakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara ya uhifadhi ya utawala ule ilitaka kuigeuza sehemu ya mashariki ya Bushmanland kuwa hifadhi ya wanyama, ambamo wangebaki Wasan wachache wakiwinda kwa upinde na kukusanya matunda mbele ya watalii, bila ng'ombe na bila mashamba. Pendekezo hilo lilikuja wakati familia kadhaa za Waju/'hoansi, kwa msaada wa Marshall na wenzake, zilikuwa zinaondoka Tsumkwe kurudi kwenye maeneo ya wazee wao, kuchimba visima na kuanza kufuga. Sitasema kwamba filamu moja ya vichekesho ndiyo iliyobuni mpango ule. Watumishi wa idara hawakuhitaji kwenda sinema ili wawaone Wasan kuwa sehemu ya wanyamapori. Ninachosema ni kwamba mpango na filamu vilikunywa kisima kimoja, na kwamba mtu aliyesimama kuupinga mpango alikuwa na kazi mbili, ya kudai ardhi yake na ya kueleza kwa nini hafanani na Xi. Msan mwenye ng'ombe alionekana kuwa ameharibika, na aliyeharibika hakuwa na cha kudai katika nchi ya watu wasioharibika.

Waju/'hoansi walishinda sehemu kubwa ya vita hivyo. Mwaka 1986 waliunda ushirika wa wakulima wa Nyae Nyae, mpango wa hifadhi ukakwama, Namibia ikapata uhuru mwaka 1990, na mwaka 1998 Nyae Nyae ikawa eneo la kwanza nchini humo kusajiliwa kuwa hifadhi inayosimamiwa na wanajamii wenyewe. Marshall hakuridhika hata hapo. Katika mfululizo wa filamu alioutoa mwaka 2002, baada ya miaka hamsini ya kuwafuatilia watu hawahawa, alidai kwamba wafadhili walikuwa tayari kumwaga fedha kwenye wanyama na utalii kuliko kwenye pampu za maji na mashamba, kwa kuwa nao walikuwa wamebeba ile picha vichwani. Wapo wataalamu wanaoona kwamba alikuwa mkali kupita kiasi, hasa kwa kuwa mapato ya uwindaji wa kitalii yameisaidia jamii hiyo, na nadhani wana hoja. Lakini ukali wake ulikuwa na chanzo. Filamu iliyompa jina, ya mwaka 1957, iliwaonyesha wanaume wanne wakimfuatilia twiga kwa siku kadhaa hadi kumuua, nayo ilisifiwa na kufundishwa vyuoni kama ushahidi. Baadaye yeye mwenyewe aliikosoa hadharani, akaeleza kwamba mawindo yale yaliunganishwa kutokana na safari tofauti na kwamba gari lilihusika, na kwamba wakati huo alikuwa kijana aliyependa kuona anachotaka kukiona.

Naisisitiza habari hii ya Marshall kwa sababu inatuhusu sisi wa vyuo kuliko ile ya Uys. Mtengeneza vichekesho hakudai kuwa mwanasayansi. Sisi ndio tulioweka muhuri. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanaanthropolojia walizozana vikali kuhusu Kalahari: upande mmoja Richard Lee, ambaye utafiti wake ulikuwa umewafanya Wasan kuwa mfano wa maisha ya uwindaji na ukusanyaji duniani kote, na upande mwingine Edwin Wilmsen na Robert Gordon, walioonyesha kwamba watu hawa walikuwa wamefanya biashara, wamefuga, wametumikishwa na hata kuwindwa na wakoloni kwa muda mrefu kabla mtafiti wa kwanza mwenye kamera hajafika. Mzozo huo ulijaza kurasa nyingi za majarida, na kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na sehemu yake ya kweli. Lakini mwanafunzi anayeusoma leo atashangaa jinsi Waju/'hoansi wenyewe wanavyosikika kidogo ndani yake.

Sasa turudi nyumbani. Filamu maarufu kuliko zote zilizowahi kupigwa katika ardhi ya Tanzania huenda ni ile ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kutwaa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi hiyo ikiendelea, na kaburi lake liko ukingoni mwa Bonde la Ngorongoro, ambako watalii husimama kupiga picha. Ujasiri wao sina shaka nao, na takwimu zao za wanyama ziliwafaa watu wengi. Lakini katika filamu ile Serengeti ni mali ya wanyama na ya dunia nzima, na Mmasai na ng'ombe wake ni watu wa kuvumiliwa pembeni au kuondolewa. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari imeamua. Wazee wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti mwaka 1958, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo wangeishi pamoja na wanyama. Filamu ilichofanya ni kuifanya hatua hiyo ionekane ya kawaida kwa mamilioni ya watu wa Ulaya waliokuwa hawajawahi kumsikia Mmasai akizungumza, na ambao hawakumsikia humo pia.

Tusidhani kwamba baada ya uhuru tulijinasua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu wenyewe iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai shuka na kuwavalisha suruali, kwa kuwa picha zao zilionekana kuliaibisha taifa changa linalotaka maendeleo. Leo shuka lilelile liko kwenye kila kijitabu cha utalii, kwenye viwanja vya ndege na kwenye milango ya hoteli, na anayelivaa anatakiwa kuruka juu mgeni akifika. Ukiziweka hizo nyakati mbili pamoja unaona kwamba kilichobadilika ni bei ya picha; uamuzi wa kama ni aibu au ni mtaji umebaki kufanywa mbali na boma. Kuhusu Ngorongoro ya sasa na wananchi waliohamia Msomera, wilayani Handeni, tangu mwaka 2022, sitaingia katika mgogoro wenyewe, ambao una wasemaji wake. Nataka tu mhariri yeyote achukue habari alizochapisha kuhusu suala hilo na atazame picha zilizoambatana nazo: ni ngapi zinamwonyesha Mmasai katika mkutano, mwenye karatasi mkononi, na ni ngapi zinamwonyesha na fimbo mbele ya machweo?

Kwamba haya si mambo ya sinema peke yake, ushahidi uko Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la Waogiek wa Msitu wa Mau dhidi ya Serikali ya Kenya. Miongoni mwa hoja za Serikali ilikuwa kwamba Waogiek wa leo wamebadilika, wanaishi na kulima kama majirani zao, na kwa hiyo hawawezi tena kudai kuwa jamii tofauti yenye utamaduni wake. Mahakama iliikataa hoja hiyo, ikaeleza kwamba utamaduni hautambuliwi kwa kuganda mahali pamoja, na kwamba mabadiliko hayamfutii mtu haki yake. Hukumu ya fidia ya Juni 2022 iliagiza ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja. Ningependa kila mwanafunzi wa uandishi wa habari aisome hukumu ya 2017, kwa sababu hoja iliyoshindwa pale ndiyo hoja iliyomo, bila kutamkwa, katika kila maelezo ya picha yanayosema "wanaishi kama babu zao walivyoishi". Ikiwa ndiyo sifa yao, basi siku watakapoacha, wamepoteza sifa.

Wahadzabe wamekwisha kuonja pande zote mbili. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha katika kijiji cha Yaeda Chini ili walime. Magonjwa yalizuka, watu walikufa, na wengi wakarudi porini. Tangu wakati huohuo watafiti na wapiga filamu wamewafuata kwa wingi usio wa kawaida kwa jamii ya watu takribani elfu moja na mia kadhaa. Wamepimwa nguvu wanazotumia mwilini, usingizi wao, hata vijidudu vya tumboni mwao, na matokeo hutangazwa duniani kote kwa vichwa vya habari vinavyoahidi siri za mababu wa binadamu. Baadhi ya utafiti huo ni mzuri, na watafiti waangalifu husema wazi kwamba Wahadzabe ni watu wa leo. Tatizo ni kwamba tahadhari hiyo hukaa ndani ya makala ya kisayansi, na picha ndiyo hutoka nje. Mang'ola watalii hufika alfajiri kwa magari, huenda mawindoni pamoja na wenyeji, hupiga video, hulipa na kuondoka, na sehemu ya fedha hizo hununua unga, ambao kwenye video hauonekani kamwe.

Habari ambayo haikupata picha kubwa ni ya mwaka 2011, pale Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipopata hati za hakimiliki ya kimila kwa maelfu ya hekta za ardhi yao, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Baadaye waliingia katika mradi wa kuuza hewa ukaa unaowalipa kwa kuutunza msitu huo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kupata hati kulihitaji mikutano ya vijiji, ramani, mipango ya matumizi ya ardhi, majadiliano na majirani wafugaji na safari za kwenda wilayani Mbulu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopendeza kwenye kamera kama upinde, nami naelewa. Lakini gazeti linaloandika kwa ajili ya Watanzania, ambao nao wana migogoro yao ya ardhi, lingewafaa zaidi wasomaji wake kwa kueleza jinsi watu wachache wasio na chama wala mfadhili wa kisiasa walivyoipata hati ile.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuwapa wenyeji kamera. Ni sehemu ya dawa. Kijiji cha Wainuiti cha Igloolik, kaskazini mwa Kanada, kilipiga kura mara mbili, mwaka 1975 na 1979, kukataa televisheni isiingizwe kijijini kwa kuwa haikuwa na chochote katika lugha yao, na kiliikubali tu baada ya shirika la utangazaji la Wainuiti wenyewe kuanzishwa mwaka 1981. Ni katika kijiji hichohicho alikofanyia kazi Zacharias Kunuk, ambaye filamu yake ndefu ya kwanza, yote ikizungumzwa kwa Kiinuktitut, ilipata tuzo ya Caméra d'Or katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2001. Mwongozaji wa Kimaori wa New Zealand, Barry Barclay, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo mtu wa pwani yetu angelielewa mara moja: kwa miaka mingi kamera ilikaa sitahani, ikiwatazama watu wa ufukweni kutoka melini, na yeye alitaka ionekane nchi na meli kutokea ufukweni. Kinachonivutia kwa Barclay, hata hivyo, ni kwamba hakuishia kwenye suala la nani ameshika kamera. Alihangaika pia na nani anatunza picha baada ya kupigwa, na kwa masharti gani mjukuu wa aliyepigwa ataiona.

Hapo ndipo sisi tumelala kabisa. Mkusanyo wa John Marshall, wenye mamia ya saa za filamu, umehifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian nchini Marekani na uliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Angalau unajulikana uliko. Filamu zilizopigwa kwa Wahadzabe, Wamasai na Wadatoga tangu enzi za Mjerumani zimetawanyika Ulaya na Marekani, na sijui chuo chetu chochote chenye orodha kamili yake. Filamu ya James Woodburn ya miaka ya 1960 kuhusu Wahadzabe, kwa mfano, inaonyesha watu ambao wajukuu wao wako hai Yaeda na Mang'ola leo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada angefanya jambo la maana zaidi kuipeleka filamu hiyo huko, kuwakalisha wazee na vijana, na kurekodi wanachosema kuhusu waliomo, maeneo yanayoonekana na nani anayatumia sasa, kuliko kuandika tasnifu nyingine inayohesabu ni mara ngapi neno "kabila" limetumika katika filamu za Kizungu.

Wasan wa Afrika Kusini wametuonyesha njia katika upande wa kanuni. Mwezi Machi 2017, baada ya kuumizwa na namna walivyoandikwa katika utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010, walizindua kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zinazomtaka kila anayewaendea awe na heshima, uaminifu, haki, kujali, na afuate taratibu zao kabla ya kuanza. Hawakusubiri wizara.

Kwetu mtafiti huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mpiga filamu huomba Bodi ya Filamu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliongeza sharti kwamba wapiga filamu wa kigeni wakabidhi nakala ya kazi yao, nayo Serikali iweze kuitumia kuitangaza nchi. Sharti hilo lina faida, lakini linamfikiria mtalii, halimfikirii aliyepigwa. Napendekeza liongezwe lingine: kwamba kabla kibali hakijafungwa, nakala iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa lugha ya wahusika pale inapowezekana, ioneshwe mbele ya mkutano wa kijiji, na maoni ya mkutano yaandikwe na kuambatanishwa. Na kwa gazeti lako, Mhariri, naomba jambo dogo zaidi, ambalo halihitaji sheria: kila picha ya mtu wa jamii ya asili iwe na jina lake kama mwenyewe ameridhia, jina la kijiji chake, tarehe iliyopigwa, na kama mavazi au tukio liliandaliwa kwa ajili ya kamera au la. Mpigapicha akishindwa kujaza nafasi hizo nne, irudishwe kwake.

Wako,
Mwalimu wa somo la filamu,
Arusha